Kikao cha usalama dunia ikiwa imefungwa: video, barua pepe, kimya, au watu waje tu na barakoa zao?

Tarehe 12 Machi 2020 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa (UN) lilikaa ukumbini kwake mara ya mwisho kabla New York haijafungwa kwa sababu ya korona. Baada ya hapo vituko. Chombo chenye kazi ya kuzuia vita duniani kikamaliza wiki mbili kinabishana kitakutanaje, huyu anasema tuwashe video tuendelee, yule (Urusi hasa) anasema video sio kikao, kanuni zetu zinajua ukumbi, na Uchina ndo ilikuwa imeshika urais wa Baraza mwezi ule kwahiyo mzigo wote ukawaangukia wao. Tarehe 27 ndo ikatoka barua ya utaratibu, na tarehe 30 maazimio manne yakapita kwa mpigo, kwa imeili, likiwemo la Somalia ambako muda wa misheni ya UN ulikuwa unaisha kesho yake. Yani siku moja tu.

Naandika hii kwa sababu ule mlipuko umepita lakini maswali yake hayajaenda popote. Mlipuko mwingine ukija, au anga likifungwa kwa sababu nyingine yoyote, sekretarieti ya jumuiya fulani au timu ya usuluhishi itajikuta palepale: tufanye ipi? Na nikisoma ushauri mwingi naona umeandikwa kama vile ni swali la kununua laptopu, linki ipi nzuri, kamera ipi, nani azime maiki. Mimi huwa najiuliza mawili tu. Hawa watu tayari wanacho cha kukubaliana, au bado wanatafutana? Na muda ukipita bure, nani anacheka? Ukishajibu hayo njia inajichagua yenyewe nusu, na nitajaribu kuonyesha kwa mifano ya 2020 na 2021, maana ile miaka miwili ilikuwa kama maabara.

Video na ukumbi, tuanze na hizi maana ndo zinagombaniwa

Sifa ya video haina ubishi, ni haraka. NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mawaziri wake wa mambo ya nje walikutana kwa video salama tarehe 2 Aprili 2020, mara ya kwanza kabisa katika historia ya ule umoja. Mali ilipopinduliwa Agosti 18, viongozi wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, walikuwa kwenye skrini tarehe 20, siku mbili tu, na viwanja vya ndege bado viko nusu nusu. Tarehe 26 Juni Ramaphosa kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika aliwaweka Abiy Ahmed wa Ethiopia, el-Sisi wa Misri na Hamdok wa Sudan kwenye mkutano mmoja wa video kuhusu lile bwawa la Mto Nile la Ethiopia. Wakati wa ndege na mazulia mekundu hiyo ingechukua majuma, maana rais hasafiri peke yake, anasafiri na mji.

Shida yake sasa. Diplomasia ya usalama haifanyiki mezani, mezani watu wanasomeana karatasi zilizoandikwa na makao makuu. Kazi yenyewe iko pembeni, kwenye korido, foleni ya kahawa, ile dakika mbili balozi anamvuta mwenzake kando anamwambia kwa sauti ya chini "hilo neno la aya ya nne bosi wangu hawezi kulimeza, lakini ukiniwekea hili hapa, nitampigia usiku." Kwenye video hakuna kando. Ukimaliza kuongea unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi, umebaki na chai yako. Unaweza kumpigia mtu simu baadaye ndio, lakini kupiga simu ni tendo, mtu anajiandaa, anajua unataka kitu. Kukutana mlangoni hakuna maana yoyote na ndo maana kunafaa.

Afu kuna mambo madogo ambayo yanageuka makubwa. Baraza la Usalama halikuhesabu video zake kama vikao rasmi, kwahiyo hakukuwa na kumbukumbu rasmi ya neno kwa neno kama kawaida, ilibidi hotuba zikusanywe zitolewe kama waraka, na kura za kiutaratibu hazikuwezekana. Mwanzoni hata ukalimani haukuwepo. Fikiria hapo, lugha sita rasmi, na watu wanajadili vita kwa Kiingereza cha kuunga unga kwa sababu mfumo haujaruhusu. Anayeongea lugha yake ya mama ana silaha moja zaidi.

Na siri je? Novemba 2020 mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya wapo kwenye video yao, ghafla anatokea kijana anapunga mkono. Mwandishi wa habari wa Uholanzi. Waziri wa ulinzi wa kwao alikuwa ameweka Twitter picha akiwa kazini, na kwenye picha zilionekana tarakimu tano za namba ya siri ya kuingilia. Namba yenyewe ina tarakimu sita. Borrell, mkuu wa sera za nje wa Umoja wa Ulaya wakati ule, akamuuliza kama anajua ameingia kikao cha siri, jamaa akaomba radhi akatoka, kila mtu akacheka. Mimi sikucheka sana, mana huyu alipunga mkono. Asiyepunga mkono je?

Kwahiyo ukumbi ni bora? Ngoja. Watu wanaupamba mno ukumbi. Chukua Nagorno-Karabakh, eneo ambalo Armenia na Azerbaijan walikuwa wanaligombania. Aprili 2020 wasuluhishi wa Kundi la Minsk, timu ya kimataifa ya kusuluhisha ugomvi huo, walifanya video na mawaziri wa Armenia na Azerbaijan, likatoka tamko. Vita ikalipuka Septemba 27. Mtu atasema unaona, video haifai. Haya, Oktoba 9 Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akawakutanisha mawaziri wote wawili Moscow, ana kwa ana, wakakaa saa zaidi ya kumi mpaka usiku wa manane, wakatoka na usitishaji mapigano, na haukushika hata siku. Halafu karatasi iliyokuja kusimamisha vita kweli, ile ya usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, Putin na rais Aliyev wa Azerbaijan waliisaini wakitazamana kwenye skrini, na waziri mkuu Pashinyan wa Armenia akasaini kwake mbali na kamera. Kilichoamua ni mji wa Shusha kuangukia mikononi mwa Azerbaijan. Uwanja wa vita ukishajibu swali, haijalishi kama kalamu iko Moscow au kwenye linki.

Na lile bwawa? Video za Juni, Julai na kuendelea hazikutoa mkataba, kweli, lakini Aprili 2021 walikutana Kinshasa wakiwa wamekaa kwenye viti halisi na hawakutoka na kitu vilevile. Kama tatizo ni kwamba mmoja anajaza maji na mwingine anaogopa ukame, kiti hakisaidii.

Upande wa pili, video imewahi kufanya kazi nzuri ambayo watu hawaisemi. Kundi la mawasiliano la pande tatu kuhusu Donbas, eneo la vita mashariki mwa Ukraine, yani Ukraine na Urusi na OSCE (shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya), walihamia video mwaka ule wote, na tarehe 22 Julai 2020 wakakubaliana hatua za ziada za kusitisha mapigano zianze tarehe 27. Utulivu ule ulikaa kwa muda mrefu kuliko mapatano mengi yaliyokuwa yametangulia. Kwa nini pale iliwezekana? Mimi naona ni kwa sababu walikuwa wameshabishana miaka. Kila mtu anajua sentensi ya mwenzake kabla hajafungua mdomo. Kilichobaki kilikuwa kuorodhesha, nani akatazwe nini, sniper, droni, amri itoke kwa nani, na orodha unaweza kuimaliza kwenye skrini. Ndo narudi kwenye swali langu la kwanza.

Kukutana ana kwa ana wakati wa mlipuko kuna bei yake pia na sio ya tiketi tu. Agosti 24, 2020 kamati ya katiba ya Syria ilikutana Geneva baada ya miezi tisa ya kukaa bila kikao. Wanakaa tu asubuhi, majibu ya vipimo yanarudi, watu watatu wana korona, baadaye wanne, kikao kikasimamishwa siku hiyohiyo. Wakarudi mezani tarehe 27. Siku tatu umezipoteza na bado una bahati, maana wagonjwa wangekuwa kumi na wanne, watu wangebaki wamefungiwa hotelini wanalaumiana nani kamleta nani mgonjwa, na kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe hiyo ni siasa tayari.

Ila kuna kazi ambayo ukumbi hauna mbadala, kura ya siri. Juni 2020 UN ilitakiwa ichague wajumbe wapya wa Baraza la Usalama, na huwezi kupiga kura ya siri kwa imeili halafu uniambie ni siri. Wakafanya kwa zamu, mabalozi wamepangiwa saa zao, unaingia na barakoa, unatumbukiza karatasi, unatoka. India, Mexico, Norway na Ireland zikapita tarehe 17. Kenya na Djibouti zikabaki zinakamatana, 113 kwa 78, hakuna aliyefika theluthi mbili, wakarudia kesho yake ikawa 129 kwa 62. Ilitakiwa 128. Kura moja juu ya mstari! Sasa hebu jiulize kampeni ya usiku ule ilifanyikaje bila watu kushikana mikono ukumbini, simu zilichemka.

Na mfano mwingine naupenda, Vienna Aprili 2021, mazungumzo ya nyuklia ya Iran. Marekani na Iran hawakukaa chumba kimoja hata mara moja, Iran ilikataa. Wengine wanakaa na Iran hoteli hii, Wamarekani wako hoteli nyingine jirani, na watu wa Umoja wa Ulaya wanatembea katikati na karatasi. Mtu atauliza sasa kama hamtazamani mlisafiri kwenda kufanya nini, si kila mtu angebaki kwao? Jibu ni yule mtembezi. Akitoka chumba kimoja kwa mguu, bado ana uso wa yule aliyemwacha kichwani, anajua "hapana" ile ilikuwa ya kweli au ya kujaribu bei, na jibu linarudi kabla chai haijapoa. Skrini inabeba maneno, hiyo nyingine haibebi.

Barua pepe na kimya: hizi mbili watu wanazichanganya

Hapa nakaa kidogo maana ndo kuna mtego.

Kura ya maandishi, ile ya Baraza la Usalama, ilikuwa hivi: rasimu ikishafika hatua ya mwisho, rais wa Baraza anaisambaza, saa 24 zinaanza kuhesabu, kila nchi inatuma barua yenye saini, ndiyo, hapana, au najizuia, kisha matokeo yanatangazwa kwa video. Kura ya turufu, ile hapana moja ya mwanachama wa kudumu inayoua azimio, bado ipo, inakuja tu kama kiambatanisho.

Utaratibu wa kimya, ambao Baraza Kuu liliukubali Machi 27, ni mnyama mwingine. Rais wa Baraza Kuu anasambaza rasimu, saa 72, kimya kikipita azimio limepita. Mtu mmoja akivunja kimya, limekufa. Hakuna kuhesabu.

Umeona tofauti? Kwa kawaida Baraza Kuu ni mahali ambapo nchi 193 zinapiga kura na wengi wanashinda, ndo faraja ya wadogo, kule turufu haipo. Kimya kiliwapa wote turufu. Nchi 193, turufu 193. Azimio la mshikamano dhidi ya korona, 74/270, lilipita tarehe 2 Aprili kwa sababu lilikuwa laini halina mfupa. Urusi nayo ilileta lake lenye mambo ya vikwazo, likapigwa kimyani palepale. Kwenye ukumbi lingepigiwa kura, labda lingeanguka, ila tungejua nani yuko wapi. Hata tamko la kuadhimisha miaka 75 ya UN lilikwama Juni kwa maneno matatu manne kuhusu "mustakabali wa pamoja", Uingereza kwa niaba ya washirika wake, Marekani ikiwemo, na India wakavunja kimya kwa sababu walisikia harufu ya lugha ya Beijing mle ndani. Tamko la birthday hilo.

Kwahiyo kama unachagua kati ya hizi mbili, kimya kinafaa kwa yale ambayo hakuna anayeyapinga, bajeti ya kuendelea, kusogeza tarehe, kuthibitisha mwenyekiti. Mkataba wa Biashara ya Silaha waliendesha mkutano wao wote wa nchi wanachama Agosti 2020 kwa maandishi, na kwa mambo ya kiofisi ilienda vizuri. Ukipeleka kitu chenye ugomvi kwenye kimya umempa yule mkorofi mmoja zawadi, na hata hahitaji kujieleza mbele ya watu, anatuma tu mistari miwili.

Kura ya barua pepe inavumilia ugomvi, lakini inaua dakika za mwisho. Nikupe Syria Julai 2020 ujionee. Idhini ya kupitisha misaada mipakani ilikuwa inaisha tarehe 10. Ujerumani na Ubelgiji wakaleta rasimu ya vivuko viwili, matokeo tarehe 7, Urusi na Uchina wakapiga turufu. Tarehe 8 rasimu ya Urusi ikaanguka. Tarehe 10 rasimu ya pili ya Wajerumani, turufu tena, na ya Urusi tena, chini. Saa sita usiku ikapita, idhini ikafa. Tarehe 11 ndo likapita azimio 2533, kura 12, watatu wakajizuia, kivuko kimoja tu, Bab al-Hawa. Rasimu tano ndani ya siku tano. Sasa ukumbini hali kama hiyo rais anasema tunasitisha kwa dakika arobaini, mabalozi wanaingia kile chumba cha pembeni, mtu anakata neno, mwingine anampigia waziri, wanarudi wananyanyua mikono. Kwa barua pepe saa zikishaanza kuhesabu umekaa, unasubiri kama mtu aliyetuma ombi la mkopo. Sidai ukumbi ungeokoa vivuko vyote viwili, Urusi ilikuwa inataka kimoja tangu mwanzo na ilijua saa iko upande wake. Lakini angalia swali la pili, muda ukipita nani anacheka? Pale anayetaka kufunga hakuhitaji kufanya chochote, saa ilimfanyia.

Kwa upande mwingine barua pepe ina uzuri ambao hausemwi, inawaacha watu uchi. Agosti 14 rasimu ya Marekani ya kuongeza vikwazo vya silaha kwa Iran ilipata kura mbili za ndiyo, yao na ya Jamhuri ya Dominika, mbili za hapana, na kumi na moja wakajizuia. Hakuna hotuba ya kupooza, hakuna watu kupeana mikono baadaye, namba tu kwenye karatasi.

Nusu-nusu

Nusu ukumbini, nusu kwenye skrini. Vienna pale OSCE waliishi hivi miezi mingi, nchi 57, wengine wako kasri la Hofburg wengine wanachungulia toka ofisini. Inapendeza kwenye picha. Tatizo langu ni moja, inazaa madaraja. Aliye ukumbini anaona nani kakunja uso, anapata karatasi mkononi, na mapumziko ni yake. Aliye kwenye skrini anapewa nafasi ya kuongea mwishoni na mara maiki haisikiki. Ukiwa na pande mbili za vita, usithubutu kumweka mmoja chumbani na mwingine kwenye ukuta. Wote ndani au wote nje.

Sikatai kabisa lakini. Septemba 2020 viongozi walituma hotuba za Baraza Kuu zimerekodiwa, anasimama mjumbe ukumbini anamtambulisha rais wake, video inachezwa. Kwa hotuba inatosha, hotuba hata kabla ya korona nusu ya ukumbi ulikuwa mtupu tuseme ukweli.

Kinachofanya kazi kuliko nusu-nusu ni kupokezana, yani video kwanza, chumba baadaye. Libya ndo shule. Mazungumzo ya wanajeshi, watano wa upande huu wa vita na watano wa upande ule, yalikwama baada ya Februari 2020, Juni UN ikarudisha mazungumzo kwa video, ikiongea na kila upande peke yake. Zile video hazikuleta amani, zilileta vitu vidogo, nani bado anapokea simu, nini hakiguswi. Oktoba ndo wakapelekwa Geneva, na tarehe 23 wakasaini usitishaji mapigano uso kwa uso. Upande wa siasa vilevile, Stephanie Williams, kaimu mjumbe wa UN wa Libya wakati ule, alifungua jukwaa la wajumbe 75 kwa video Oktoba 26, wakakutana Tunis kuanzia Novemba 9, wakapanga uchaguzi wa Desemba 24, 2021, wakarudi kwenye skrini kubishana jinsi ya kuteua serikali, kisha Februari 5, 2021 karibu na Geneva wakachagua serikali ya mpito. Ule uchaguzi haukufanyika, ndio najua. Ila usitishaji mapigano ule wa Oktoba ulishika, vita kubwa ya pande zile mbili haikurudi, na karatasi yake ilitoka chumbani.

Kuahirisha

Huu nao ni uamuzi ingawa watu wanaufanya kama vile wamekwepa uamuzi. Mkutano wa kupitia mkataba wa kuzuia kuenea silaha za nyuklia ulitakiwa Aprili 27, 2020. Ukasogezwa, ukasogezwa tena, ukafanyika Agosti 2022. Walipokaa mwishowe vita ya Ukraine ilikuwa mwezi wa sita, na Urusi ikakataa hati ya mwisho kwa sababu ya maneno kuhusu kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia, Ukraine. Mwaka 2020 hayo maneno hayakuwepo duniani. Huwezi kujua kama Aprili 2020 wangekubaliana, mkutano wa 2015 nao ulikuwa umevunjika, ila dunia haisimami ikusubiri.

Umoja wa Afrika ulikuwa na kikao maalumu cha kunyamazisha bunduki kilichopangwa Mei 2020, wakakisogeza mpaka Desemba 6, na kikafanyika kwa video. Hapo kuahirisha hakukuharibu kitu, hakukuwa na saa inayoisha. Tofauti ndo hiyo. OSCE kinyume chake, nafasi nne za juu kabisa, katibu mkuu na wengine watatu, zote ziliisha muda Julai 18, 2020, mwanachama mmoja akampinga huyu, mwingine akampinga yule, bora waongeze miezi michache wakashindwa, shirika likabaki halina kichwa mpaka Desemba. Katikati hapo ndo vita ya Karabakh ikapigwa kwenye eneo lao wenyewe. Nchi 57, maafikiano ya wote, mlipuko juu yake.

Sasa ipi kwa nani

Kama una tarehe inayoisha, muda wa misheni, vikwazo, idhini, anza mapema kuliko unavyodhani na tumia kura ya maandishi, lakini maliza ubishi kabla saa haijaanza, piga simu za kutosha, maana baadaye hakuna pembeni. Kama yule anayefaidika na kufa kwa idhini ni mwenye turufu, usifikishe siku tatu za mwisho kabisa.

Kama kuna dharura, mapinduzi au mashambulizi jana usiku, video, leo, hata kama mbovu. Lengo hapo ni sauti moja itoke, sio mkataba. Na hata hiyo sauti haina uhakika, mawaziri wa G7, lile kundi la nchi saba tajiri, Machi 25, 2020 walishindwa kutoa tamko la pamoja kwa sababu Marekani ilitaka virusi viitwe kwa jina la Wuhan.

Kama watu hawajawahi kukubaliana lolote na hawaaminiani, video ya kuwapima na chumba cha kuwafunga, mfano wa Libya, pima korona kabla ya ndege na sio baada ya kikao kuanza. Kama wanajuana miaka na kilichobaki ni orodha, kaeni kwenye skrini, msihangaike na viza. Kama ni kura ya siri, ukumbi kwa zamu. Kama hakuna anayepinga, kimya. Na kama ni mambo ya ujasusi au mipango ya kijeshi, ukumbi, au subiri, au mtumie mtu mmoja na bahasha.

Halafu kuna kazi ambayo kwenye orodha yote hii haina dawa, ukaguzi. Waangalizi wa OSCE mashariki mwa Ukraine walizuiwa vizuizini Machi 2020 kwa kisingizio cha karantini, na huwezi kuhesabu mizinga kwa Zoom. Mkataba wa New START wa kupunguza silaha za nyuklia ulikuwa unaruhusu Marekani na Urusi kukaguana mara 18 kwa mwaka kila mmoja. Machi 2020 wakasimamisha kwa ajili ya korona, kwa makubaliano, kwa nia njema kabisa. Mkataba wenyewe waliuokoa kwa kubadilishana karatasi tarehe 3 Februari 2021, siku mbili kabla haujaisha, wakaongeza miaka mitano. Karatasi iliwezekana. Wakaguzi hawakurudi, na Februari 2023 Urusi ilipotangaza kusimamisha ushiriki wake ilikuwa karibu miaka mitatu hakuna mguu wa mkaguzi uliokanyaga kambi ya upande wa pili.